Kahawa ya Mama Marko

Anjelina, ambaye mtaa mzima pale Newala unamwita Mama Marko, ni fundi cherehani wa sare za shule. Jirani zake ni watu wa chai. Yeye tangu alipoolewa ni mtu wa kahawa: buni za Mbinga zilizokaangwa mpaka zikawa kama mkaa, na sukari mpaka kijiko kinazunguka kwa shida. Alikuwa akiinywa kibarazani kabla hajagusa cherehani, na aliyemsemesha wakati huo alijibiwa kwa kutikisiwa kichwa tu.

Mwaka jana miguu ikaanza kufa ganzi. Akawa anakanyaga cherehani bila kuhisi vizuri kilichopo chini ya unyayo. Akaenda kupima. Muuguzi, binti aitwaye Agnes, alimwamkia, akamchoma kidole, akakitazama kipimo kwa muda.

"Mama, sukari yako iko juu. Chai unakunywaje?"

"Chai sinywi. Mimi kahawa."

"Na sukari unatia kiasi gani?"

Anjelina alipoeleza, Agnes akaweka kalamu chini.

"Kahawa sina ugomvi nayo, mama. Kunywa asubuhi, jioni iache upate usingizi. Ila hiyo sukari ipunguze, na ukiweza uiache kabisa. Na vidonge hivi usivikose."

Kosa la Anjelina lilikuwa kumsimulia mumewe. Erasto ni mkulima wa korosho, mtu mwema, lakini akishika jambo hulishika kwa mikono miwili. Kesho yake asubuhi kopo la sukari halikuonekana.

"Baba Marko, sukari iko wapi?"

"Nimeihifadhi."

"Umeihifadhi au umenificha?"

"Vyote viwili," akasema Erasto, kisha akaketi mbele yake akanywa chai yake tamu, akivuta kwa sauti.

"Na wewe je?"

"Mimi sijapimwa."

Habari ikaenea. Rukaiya, jirani yao, akaleta unga wa majani ya mlonge. Mwenzake Anjelina wa kwaya akaleta mbegu za tende zilizokaangwa na kusagwa, akaapa kwamba nazo ni kahawa. Erasto, kwa moyo wake mweupe, akavichemsha vyote pamoja, akamletea mkewe kikombe kibarazani. Rangi ilikuwa ya tope, harufu ya nyasi zilizolowa. Anjelina alipiga funda moja, akamwaga chini kikombe kizima.

Erasto akaruka. Tangi lao la maji ya mvua lilikuwa limebakiza maji ya kuchota kwa kuinama, na hapo Newala hakuna anayemwaga maji hivi hivi.

"Unamwaga maji, Mama Marko!"

"Umeyamwaga wewe ulipoyatia majani!"



Wiki hiyo Anjelina akashuka Masasi kununua vitambaa, akafikia kwa dada yake, Sabina. Sabina alisikiliza yote, akacheka mpaka akafuta machozi, kisha akamsogezea kahawa na bakuli la sukari.

"Hapa Erasto hayupo. Kunywa mdogo wangu, usijitese."

Akanywa kama zamani. Akaongeza kikombe kingine. Utamu ulimshuka kooni akahisi amerudishiwa kitu chake alichoporwa.

Baadaye, akipita kwenye maduka ya vitambaa, kinywa kilikuwa kimemkauka na kichwa kizito. Muuza duka mmoja akamwita kwa nyuma.

"Mama! Mama, kiatu chako!"

Aligeuka. Ndala yake ilikuwa imelala mavumbini, mbali na aliposimama. Akatazama mguu wake: ulikuwa mtupu, na kisigino kinatoka damu. Kitu kilikuwa kimemkata na hakukisikia. Akaketi kwenye ngazi ya duka, hasira zimemjaa, akitafuta wa kumkasirikia. Erasto alikuwa Newala. Sabina alimpa kwa huruma tu. Hapakuwa na mtu.

Aliporudi nyumbani alikwenda moja kwa moja kwa mumewe.

"Nipe kopo langu."

"Mama Marko..."

"Nipe. Ugonjwa ni wangu na kikombe ni changu. Nitakitengeneza mwenyewe, na usiniwekee jani lolote humo."

Akakaanga buni upya, akaziepua zikiwa bado za kahawia. Ndipo alipogundua kuwa miaka yote ile alikuwa akitumia sukari kuzimisha uchungu wa kuungua. Akazitwanga na iliki na kipande cha mdalasini. Akaanza na kijiko kimoja cha sukari kilichosawazishwa, kikapungua kikawa nusu. Ilinywika. Lakini haikuwa ile, na asubuhi nyingine alikaa pale kibarazani akikitazama kikombe kama mtu aliyeletewa mgeni asiye wake. Hata kidonda cha kisigino kilichukua muda kufunga, na kila alipokanyaga cherehani alikikumbuka.

Aliporudi kupima na kueleza nusu kijiko chake, Agnes alitabasamu.

"Imeshuka, mama! Hongera sana. Sasa bado ile nusu."

Erasto, aliyekuwa amemsindikiza, akaanza kutikisa kichwa kwa kukubali.

"Mwanangu," Anjelina akasema, akifunga khanga yake kiunoni, "hiyo nusu usiniguse nayo leo. Na huyu hapa mpime, maana kila siku ananiambia hajapimwa."

Erasto akaacha kutikisa kichwa. Agnes akavuta kiti, akamwonyesha aketi.