Simu Isiyojaa ya Fundi Ikupa

Fundi Ikupa wa Mpemba hasahau. Watu wengine wakikosewa hulia, hunawa uso, maisha yakaendelea. Ikupa naye hulia, lakini akishanawa uso anakumbuka nani alikuwepo, alikaa upande gani na alicheka vipi. Yuko mwanamke mmoja wa Mbebe, huko milimani Ileje alikozaliwa, aliyewahi kumsingizia wizi wa kalamu wakiwa shule ya msingi. Hadi leo mwanamke huyo akileta kitambaa Mpemba, hushonewa mwisho kabisa, hata kama alifika kabla ya wote. Wenye dini watasema hiyo si tabia nzuri, na labda ni kweli. Ila Danford angefanya vizuri kuulizia habari hizi mapema.

Ikupa alifika Mpemba akiwa msichana mwembamba, kumsaidia shangazi yake Enesi aliyekuwa na cherehani kwenye baraza la duka la mbolea, kando ya barabara kuu ya kwenda Zambia. Alianza kwa kuchomoa nyuzi na kupiga pasi ya mkaa. Akaja kukata, akaja kushona, na mwishowe kwaya za Mbozi nzima zikawa zinamtafuta yeye. Akapanga fremu yake mwenyewe ya duka, yenye chumba cha kulala nyuma, akaweka cherehani mbili, na jina lake likapakwa rangi mlangoni.

Kazi ya fundi siku hizi iko kwenye simu. Mteja hasemi tena "nishonee gauni." Anakurushia picha ya mtu asiyemjua, mwenye umbo lisilo lake, anakwambia "nitoe hivi hivi." Kwa hiyo simu ya Ikupa, kimeo kidogo cha bei rahisi chenye nafasi ya kubania, ilikuwa imejaa wakati wote. Ukipiga picha moja inagoma. Ukimtumia ujumbe wa sauti haufunguki mpaka afute kitu. Na hapo ndipo Danford alipopata kazi.

Danford alikuwa dereva wa lori. Foleni ya mpakani ikigoma, malori yakalala Mpemba siku nzima au mbili, yeye alishuka, akanyoosha shati, akaingia kwa fundi kushonewa zipu ya suruali. Alikuwa mtu wa maneno matamu na salamu za mbwembwe. "Mulishani, mayo!" angemwambia Ikupa mlangoni, kwa Kibemba chake cha kuokota Ndola, na Ikupa angecheka hata kama alikuwa na sindano mdomoni. Zipu ikapona, mapenzi yakaanza, na miaka ikapita.

Akiwa safarini Danford hakuandika. Alituma sauti. Alituma akiwa Kapiri, alituma akiwa Mpika, huko Zambia, injini ikinguruma nyuma yake: "Ikupa wangu, mwaka huu haupiti. Nakuja na wazee mpaka Mbebe kwa baba yako. Wewe ni mke wangu, weka hilo kichwani." Na akirudi Mpemba, akishakula akashiba, angenyoosha mkono: "Hebu lete nikusafishie simu, mpenzi. Imejaa takataka." Angekaa kwenye benchi na kimeo kile, akifuta kimoja kimoja kwa subira, huku Ikupa akiosha vyombo na moyo wake umetulia tuli. Hakuna mwanamume mwingine aliyewahi kumfanyia kazi ya kuchosha namna ile bila kuombwa. Aliwasimulia hata majirani.

Wazee hawakuja Mbebe. Shangazi Enesi alichoka kusubiri, akavaa kitenge chake kizuri, akamchukua Ikupa wakapanda Mbozi nyumbani kwa baba mdogo wa Danford, Mzee Ezron, mwenye shamba kubwa la kahawa na sauti kubwa kuliko shamba. Danford aliitwa. Alikaa, akakunja miguu, akamtazama Ikupa kama mtu anayetazama jirani wa mbali.

"Mimi huyu dada ananishonea tu nguo," alisema. "Sijawahi kumwambia nitamuoa. Kama nimesema, alete ushahidi."

Ikupa alitoa simu kwa haraka iliyomtia aibu baadaye. Akatafuta juu, akatafuta chini. Mikanda ya kwaya ilikuwepo, mishono ilikuwepo, magauni ya watu yalikuwepo. Sauti ya Danford haikuwepo hata moja.

Mzee Ezron alicheka mpaka akakohoa. "Mama," akamwambia Shangazi Enesi, "mrudishe binti yako nyumbani. Wasichana wa mjini wakikosa mume wanaota mchana." Wanawake waliokuwa wakichambua kahawa uani wakacheka pia, na mmoja wao akarudia maneno yale ili wa jikoni wasikose.

Wakiwa njiani kurudi, walipokaribia Mpemba, ndipo jambo lilipomfungukia Ikupa, likamchoma hasa: yale yote ya jioni, benchi, subira, kidole kikifuta sauti moja moja. Alikuwa anafutwa yeye. Akajisikia mjinga, kisha akasikia hasira ambayo hakuwahi kuijua, hasira tulivu, ya mtu anayepima kitambaa kabla ya kukata.

"Tumuachie Mungu, mwanangu," alisema Shangazi Enesi.

"Mungu ana kazi nyingi, shangazi," alijibu Ikupa. "Hii naifanya mwenyewe."

Wiki hiyo hiyo aliuza cherehani yake ya pili, akaenda Tunduma mjini kwa Habibu, kijana wa Kigoma anayeuza simu za mtumba wa Dubai, zile zilizotumika na wenyewe, zikakarabatiwa, zikapigwa msasa na kufungwa betri nyingine mpaka mtu usijue. Habibu alimpangia simu juu ya kioo cha kabati na kuanza kuzisifia kamera.

"Kaka Habibu, kamera sina shida nayo. Nataka yenye nafasi."

"Nafasi ya nini, dada? Picha, muziki, filamu?"

"Maneno ya mtu."

Habibu akatabasamu. "Maneno mepesi hayo. Chukua hii ya GB sitini na nne, utazeeka nayo."

"Hujamsikia huyo mtu anavyosema. Nipe kubwa kuliko zote ulizonazo."

Akaletewa moja nyeusi, nzito kidogo, ina mkwaruzo mwembamba pembeni. GB mia mbili hamsini na sita, Habibu akaapa. Lakini Ikupa alikwisha kuapiwa sana. Alijua zipo simu mjini zinazojitangaza ghala na ndani ni kibweta, maana mteja wake mmoja aliuziwa hivyo akalia dukani kwake. Akavuta kigoda, akaketi. Akamwambia Habibu aimwagie kila filamu iliyo kwenye kompyuta yake mpaka aone mwisho wa hiyo nafasi. Habibu alilalamika, akatania, akamwita mama mkwe, kisha akakubali. Wateja waliingia na kutoka, adhana ikapita, na Ikupa alikuwa pale pale, akifungua filamu moja moja kuona kama inacheza. Zote zilicheza, na nafasi ikabaki.

"Dada, unataka simu au unataka ghala?" Habibu aliuliza wakati anafuta filamu zake.

"Ghala," alisema Ikupa. "Ninavuna."

Akanunua na laini mpya. Kimeo cha zamani hakukitupa. Alikifuta vumbi akakiweka mezani mahali pake pa kila siku.

Danford alirudi, kama Ikupa alivyojua atarudi. Wanaume wa aina ile hawawezi kuacha sahani inayopakuliwa moto. Alikuja na maelezo marefu: pale kwa baba mdogo aliogopa, mzee ana presha, mambo ya ukoo yanataka taratibu, asubiri kidogo tu. Ikupa alimpikia wali na kuku. Akamwambia yaliyopita yamepita. Alisema hivyo akimtazama usoni, jambo lililomfurahisha mwenyewe.

Tangu siku ile kila sauti iliyoingia kwenye kimeo aliirusha kwenye simu nyeusi, akafuta alama ya kuirusha, kabla hata ya kuisikiliza mara ya pili. Danford akifika, simu nyeusi ilikuwa ndani ya droo ya cherehani, chini ya futi na chaki, inarekodi tangu "Mulishani, mayo" mpaka kwaheri. Alimwachia aongee. Alimuuliza maswali kwa sauti laini: utakuja lini Mbebe? Baba nimwambie nini? Danford aliahidi kama anayelipwa kwa neno. Na kila mara, akishashiba, alinyoosha mkono kusafisha kimeo, na Ikupa alimpa kwa mikono miwili.

Alikuwa na raha ambayo haielezeki vizuri kanisani. Usiku alikuwa akiitazama ile simu nyeusi, inakula maneno na haijai.

Kisha kazi ikaingia mlangoni kwa miguu yake yenyewe. Mama mmoja wa Mbozi alileta majora ya kitenge, sare ya harusi ya mtoto wa kaka yake. Bibi harusi mwenyewe alikuja kupimwa, binti mpole anayeitwa Rozi, mwenye kicheko cha haraka. Ikupa alimzungushia futi kiunoni, akamuuliza kwa mazoea tu mume anavaa nini. Rozi akatoa simu yake kumwonyesha picha. Danford alikuwa ameshika bega la Rozi, amevaa suruali ambayo zipu yake Ikupa aliishona.

"Anaitwa Danford," alisema Rozi. "Dereva. Matangazo ya ndoa yanaanza kusomwa Jumapili hii."

"Hongera, mdogo wangu," alisema Ikupa, akaandika kiuno. Kwa muda mfupi alimchukia, tuseme ukweli, hata futi aliikaza kupita kiasi. Kisha akailegeza. Sare zile alizishona vizuri kuliko sare zote alizowahi kushona, hakuna pindo lililofumuka, na alizikabidhi kabla ya siku. Hakutaka mtu aseme aliharibu kazi kwa husuda.

Matangazo husomwa Jumapili tatu. Mbili za kwanza Ikupa alikaa Mpemba akishona. Katikati yake Danford alipita, akala, akaahidi, akasafisha simu, akaondoka akipiga mluzi. Jumapili ya tatu Ikupa alipanda Mbozi, akakaa benchi la nyuma na mkoba mapajani. Mchungaji aliposoma majina na kuuliza kama yuko mwenye pingamizi, watu walikuwa tayari wanafungua vitabu vya nyimbo.

"Ninalo mimi," alisema Ikupa, akasimama.

Baada ya ibada waliitwa ofisini: mchungaji, wazee wa kanisa, Mzee Ezron, Danford, Rozi na shangazi yake, na Ikupa peke yake upande wa pili wa meza. Rozi alimtazama kwa mshangao. "Dada fundi?" alinong'ona.

"Ni yule yule mwenye ndoto," alisema Mzee Ezron. Danford hakuhangaika hata kidogo. Alijua alivyoiacha ile simu.

"Alete ushahidi," alisema, na akatabasamu.

Ikupa akatoa kimeo, akakiweka mezani. Wazee wakakikagua, wakapeana, wakakirudisha. Mzee Ezron akaanza kucheka, na Ikupa alimwachia acheke mpaka mwisho. Ndipo akatoa simu nyeusi.

Sauti ya kwanza ilikuwa na injini nyuma yake, na ahadi ile ile ya zamani aliyoirudia. "Ikupa wangu, mwaka huu haupiti."

Ya pili ikacheza, ya tatu. Danford alisema ile ni sauti ya kutengeneza, mambo ya kompyuta. Akaja kujisikia akitaja jina la baba yake mzazi na ng'ombe wake mwenye pembe moja, akaacha kubisha.

"Binti, inatosha," alisema mchungaji kwa upole. "Tumeelewa."

"Samahani, baba mchungaji. Mimi niliambiwa naota mchana, na nikachekwa mpaka jikoni. Zisikilizwe zote. Nafasi ilikuwepo, na muda upo."

Wakasikiliza. Chai ikaletwa, ikapoa. Waliokuwa wakisubiri nje walisogea dirishani, na safari hii hakuna aliyehitaji kurudiwa maneno. Mzee Ezron alitazama kofia yake. Danford alikuwa akisikiliza uongo wake mwenyewe kwa mpangilio, mmoja baada ya mwingine, na jasho lilimtoka kama mpakua mizigo. Ikupa hakumhurumia. Aliketi wima, mikono juu ya meza, na kila neno lilimshuka moyoni kama maji kwa mwenye kiu.

Ikafika ile ya mwisho, ya wiki iliyopita, iliyorekodiwa kwenye droo. Sahani zilisikika zikiondolewa, kisha sauti ya mtu aliyeshiba: "Hebu lete nikusafishie simu, mpenzi. Imejaa takataka."

Rozi, ambaye muda wote alikuwa akilia kimya, akaacha kulia. Akafungua mkoba, akatoa simu yake ndogo, akaiangalia mbele na nyuma kana kwamba ni ya mtu mwingine. Akamtazama Danford.

"Yangu uliisafisha juzi," alisema. "Ulifuta nini?"

Kisha akairudisha simu mkobani, akamgeukia Ikupa na kujifuta uso kwa kiganja.

"Dada fundi," alisema, "hiyo simu umeinunua wapi?"