Daftari Lililoanzia Kulia

Gundi ya unga ikishakauka, imekauka. Swafia aliyajua hayo tangu utotoni, alipokuwa akiwagandishia kaka zake tiara kwa unga wa ngano na maji ya moto. Lakini hayakumtia wasiwasi hata siku moja mpaka Jumatano hiyo alasiri, aliposimama jikoni kwake, mtaani Kibokoni, na daftari la hesabu la mwanawe mkononi, akijaribu kubandua ukurasa wa kwanza kwa ncha ya kisu. Ukurasa uliachia kidogo pembeni. Kisha ukachanika.

"Astaghfirullah," akasema polepole, akakiweka kisu chini kana kwamba kisu ndicho kilichokosa.

Kesho yake, Alhamisi, daftari lilitakiwa shuleni.

Swafia alikuwa na miaka ishirini na tisa, na mtoto mmoja, Shifa, wa gredi ya saba. Kila asubuhi alipika mahamri na mbaazi za kuuza, watu wa mtaa wakaja kuchukua na mabakuli yao. Mumewe, Qasim, alikuwa dereva wa lori la mizigo, na wiki hiyo alikuwa njiani kuelekea Malaba. Akipiga simu huuliza: "Mkono wa mtoto waendeleaje?" na Swafia humjibu: "Upi, wake au wangu?"

Maana wiki tatu nyuma Shifa aliteleza kwenye ngazi za nyumba yao akavunjika mkono wa kulia, ule wa kuandikia. Alitiwa plasta kutoka vidoleni mpaka juu ya kiwiko, akaambiwa akae nyumbani mpaka uvimbe utulie. Na huko shuleni ndipo mwalimu mpya wa hesabu, Mwalimu Joab, aliyekuja kisiwani mwaka huo kutoka bara, alikuwa ameanzisha jambo lake.

Mwalimu Joab hakutaka daftari la kunakili tu. Alitaka kila mwanafunzi awe na daftari kubwa, na ndani yake akate, akunje na kubandika vipande vya karatasi vinavyofunuka kama madirisha: juu ya dirisha swali, chini yake jibu. Ukurasa wa kulia ni wa mwalimu, ndimo linamoingia somo lenyewe. Ukurasa wa kushoto ni wa mtoto, achore na aeleze alivyoelewa kwa akili yake mwenyewe. Watoto wakaliita daftari la madirisha. Lingekusanywa Alhamisi ya wiki ya saba, na alama zake zingeingia katika tathmini ya muhula. Sharti lilikuwa moja, nalo alilirudia mara mbili: ukurasa wa kushoto usiandikwe na mama, wala kaka, wala mwalimu wa tuisheni. Atakayeandikiwa hana alama.

"Sasa mimi nitaandikaje?" Swafia alikuwa ameuliza siku ile ya kwanza.

"Wewe utakuwa mkono tu, mama," Shifa akamjibu kutoka kitandani. "Maneno ni yangu."

"Na mwalimu ajua?"

"Nikirudi nitamwambia."

Basi ikawa hivyo. Sadaf, mwenzake Shifa wa darasani, alileta karatasi za somo kila jioni. Swafia alikaa sakafuni na mkasi na kibakuli cha gundi ya unga, Shifa akawa anamwamuru. Kunja hapa. Usikate mpaka mwisho. Andika hasi, mama, hasi ni namba ya chini ya sifuri. Daftari lenyewe Swafia alilivalisha karatasi ya khaki, mbele na nyuma rangi moja, akaandika jina la mwanawe juu kwa herufi kubwa. Akalifungua. Akaanza.

Walimaliza madirisha ishirini na mawili. Kila alilobandika aliliangalia mara tatu, akampa Shifa aliangalie, kisha akalifungua na kulifunga kuona kama halikwami. Na bado moyo haukutulia.

Mpaka Jumatano hiyo, Bi Marziya alipopanda kurudisha bakuli.

Bi Marziya aliishi chini yao, akiuza nyuzi, vifungo na lesi kama mamake na bibi yake kabla yake, na hakuwa mtu wa kupita kitu bila kukishika.

"Hili ndilo daftari? Hebu nione madirisha yenu. Mjukuu wangu Shahid analo, vipande vyake navipata hata kwenye mchele." Akafunua. Akafunua tena. "Mama Shifa, mwaandika kwa wino usioonekana?"

Swafia akacheka. "Umelifungua nyuma, Bi Marziya."

"Nyuma?" Bi Marziya akaligeuza, akalifungua upande wa pili, akatazama, akasukuma miwani juu. Hakucheka. Hilo ndilo lililomshtua Swafia zaidi. "Mwanangu, hapa ndipo nyuma. Mumeanzia mwisho. Hili si juzuu la Kurani."

"Wasema?"

"Na huu mstari wenu wa namba. Moja, mbili, tatu zaelekea kushoto, na hizi hasi zote kulia. Wa Shahid ni kinyume, nimeutazama jana tu." Hapo ndipo kicheko kilipomponyoka. "Ama wewe! Daftari umelianzia kulia, na wewe utaishia kulia!"

Akashuka akicheka peke yake. Swafia alibaki amesimama. Hakuwa amefanya kwa pupa. Alikuwa amefikiri, tena sana. Mwalimu husema kwanza, mtoto akajibu. Kulia ni kwa mwalimu, kushoto ni kwa mtoto. Basi kitabu kinaanza kulia, kama kila kitabu alichofunzwa kukiheshimu kabla hajajua hata a, e, i, o, u. Kwake yeye, hakukuwa na mpango ulionyooka kuliko huo.

Ndipo akachukua kisu, na ukurasa ukachanika.

"Mama, mbona kimya?" Shifa akaita kutoka chumbani.

Swafia aliingia na daftari, akamweleza. Shifa alilitazama muda mrefu, akiligeuza kwa mkono wake wa kushoto.

"Hata mimi sikuona," akasema. "Nililiona sawa kabisa."

"Nitashuka ninunue jingine. Nitaandika yote upya."

"Madirisha ishirini na mawili? Na karatasi za mwalimu zilizogandishwa humo tutazitoa wapi?"

"Sasa wataka nifanye nini, Shifa? Akisema nimekuandikia? Akikunyima alama mbele ya wenzako? Wao watacheka. Wewe huwajui walimwengu!"

Alikuwa amepaza sauti bila kutaka. Shifa akamtazama.

"Kwani wewe walikucheka?"

Swafia akakaa ukingoni mwa kitanda. Hakuwahi kumwambia mtu, hata Qasim. Alikuwa darasa la sita. Ubaoni paliandikwa nne kutoa sita, mwalimu akauliza jibu, na yeye, ambaye hakuwa na desturi ya kunyoosha kidole, siku hiyo alinyoosha. Akasema mbili. Mwalimu akamuuliza: una maembe manne, mimi nachukua sita, hayo mawili unayatoa wapi? Haiwezekani! Darasa zima likaangua kicheko. Mpaka alipomaliza la nane, hata msikitini akipita, kuna aliyemwita: "We Mawili! Mawili yamekwenda wapi?" Tangu siku ile hakunyoosha kidole tena, wala hakupenda kuiona namba isipokuwa kwenye kibaba cha unga.

"Lakini inawezekana, mama," Shifa akasema. "Ulikuwa umekosa kidogo tu. Ni hasi mbili."

"Najua," Swafia akasema. "Sasa najua."

Alijua kwa sababu ya ukurasa wa kushoto wa wiki ya pili tangu Shifa avunjike. Shifa aliposema achorewe ngazi, yeye alidhani mtoto anacheza. Lakini Shifa akaeleza: mlango wa nje ni sifuri. Vidato vinavyopanda chumbani kwetu ni moja, mbili, mpaka saba. Vidato vitatu vinavyoshuka uani, penye kisima, ni hasi moja, hasi mbili, hasi tatu. "Siku ile nilikuwa kidato cha nne na bakuli la mbaazi la Bi Marziya. Nikateleza vidato sita. Nilifikia wapi?" Swafia hakuhitaji kuhesabu. Alikuwa amemkuta kwa miguu yake mwenyewe, kidato cha pili chini ya mlango, mbaazi zimemrukia mpaka nywele. Nne kutoa sita. Aliandika jibu, kisha akalipitishia kalamu tena na tena, na Shifa alidhani anaikumbuka ajali.

Asubuhi ya Alhamisi hakukanda unga. Waliokuja na mabakuli waliambiwa mlangoni: leo hapana, samahani. Mama na mwana wakaondoka mapema, Shifa na plasta yake kifuani, Swafia na daftari ndani ya mkoba wa nguo. Walipopita Ngome ya Yesu waongozaji watalii walikuwa ndio kwanza wanapiga mswaki na kutaniana, na mmoja akaita: "Mama, pole na mtoto!" Swafia hakusikia. Alikuwa anarudia sentensi nne alizozipanga. Mwalimu, samahani. Mtoto alivunjika mkono. Mimi nilikuwa mkono tu. Makosa ni yangu. Akifika ya nne, ya kwanza imemtoka.

Mwalimu Joab alikuwa kwenye veranda nje ya darasa, meza ndogo mbele yake, madaftari yamepangwa juu yake. Alisimama kuwaamkia.

"Karibu, Mama Shifa. Shifa, pole sana. Tumekukosa." Akalipokea daftari, akafungua jalada. Akafunua ukurasa wa pili. Wa tatu. Wa nne. Uso wake ukabadilika, si kwa hasira, bali kwa huruma. "Lakini Shifa, wenzako walikuletea karatasi. Hata moja hukubandika?"

Sentensi zote nne zilimtoka Swafia. Shifa akanyoosha mkono wa kushoto, akaligeuza daftari mezani.

Mwalimu akatazama. Akafunua dirisha moja, akalifunga. Akafunua jingine. Wanafunzi wawili walikuwa wamesimama karibu, shingo zimerefuka.

"Nani ameandika?"

"Mimi, mwalimu," Swafia akasema. "Mkono ni wangu. Maneno ni yake."

"Kila mzazi huniambia hivyo."

Akawafukuza wale wawili kwa macho. Kisha akamwambia Shifa asogee. "Nitakuuliza madirisha, nawe utanijibu. Mama, tafadhali, usimsaidie. Hata kwa jicho."

Swafia akageuka akatazama ukuta. Alisikia la kwanza likijibiwa, na la pili. Likaja la tatu. Hasi tatu, ongeza tano.

"Hasi mbili," Shifa akasema.

Kalamu ya mwalimu haikukwaruza karatasi. Ukuta ulikuwa na ufa, Swafia akaufuata kwa macho mpaka juu. Nyuma yake alisikia kiatu cha Shifa kikigonga sakafu: ta, ta, ta, kikafika mlangoni, kikaendelea, ta, ta. Na akagundua kwamba ndani ya ndara zake vidole vyake mwenyewe vilikuwa vinapanda pamoja naye.

"Hapana. Mbili. Chanya," Shifa akasema. "Nimeshapita mlango."

"Mlango gani?"

"Wa nyumbani, mwalimu. Funua upande wa kushoto."

Akafunua. Aliusoma ukurasa wa ngazi kwa muda, kidole chake kikishuka kidato kwa kidato, kikasimama pale pa mbaazi. Akakohoa kidogo. Halafu akarudi kwenye mstari wa namba, akachukua kalamu nyekundu.

"Hapa pamekosewa. Hasi huwa kushoto, si kulia. Alama mbili zimekwenda."

Mawili yamekwenda. Swafia aligeuka. Miaka kumi na saba imepita, na bado yalimchoma palepale.

"Lakini ngazi ni sawa," mwalimu akaendelea, kama anayejisemesha. "Mstari umekwenda kombo, na ngazi iko sawa."

"Ngazi haina kulia wala kushoto," Shifa akasema.

Mwalimu Joab akamtazama Swafia. "Mama, hebu nieleze. Ni kwa nini mlianzia upande huu?"

Sasa hakuwa na sentensi ya kukariri. "Nilidhani mwalimu ndiye asemaye kwanza," akasema. "Kulia kwako, kisha kushoto kwa mtoto. Mtoto atajibuje kabla hajaulizwa?"

Mwalimu akafungua daftari moja la pale mezani, lililoanzia kushoto kama alivyoagiza, akatazama jibu la mtoto lililotangulia, na somo lililofuata. Akalifunga.

"Hilo swali sikuwa nimejiuliza," akasema.

Hakuzirudisha zile alama mbili. Alisema mstari wa namba ukatwe upya na uletwe Jumatatu, na dirisha la tatu likapata nusu ya alama. Mengine yote aliyatia tiki. Kisha akalilaza daftari juu ya meza, upande wenye jina la Shifa ukitazama juu, akaandika pembeni: Anzia hapa. Akamsogezea Swafia kalamu.

"Sharti langu ni sharti. Aliyeshika kalamu aandike jina lake hapa, chini ya la mtoto, ili isiwe siri."

Kengele ililia. Watoto wakamiminika verandani, wakawazunguka, na Swafia alikuwa ameishika kalamu kama mtu aliyepewa kitu cha kuvunjika. Mara ya mwisho kuandika jina lake kwenye daftari la shule alikuwa darasa la nane. Karatasi ilikuwa pana, na hakujua pa kuweka herufi ya kwanza.

Shifa akamwinamia sikioni. "Kushoto, mama."

Akaanzia kushoto.