Siku Maji Yalipotoka

Chuo kikuu kizima kilimwita Bomba, maana kila alipofungua mdomo alisema mabomba ya bwenini ni makavu. Alipogombea urais wa umoja wa wanafunzi, sera yake ilikuwa moja tu: maji. Alihutubia akiwa na ndoo tupu kichwani, sauti ikamkauka kama mabomba yenyewe, na ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Mpinzani wake, bingwa wa suti na maneno matamu, alishaanza kukata tamaa.

Wakubwa wa chuo, kwa kuogopa ndoo ile isije ikahamia mlangoni kwao, wakatengeneza pampu. Asubuhi ya kura, maji yakatoka kwa kishindo.

Bomba alisimama kwenye kituo cha kura hadi jioni. Wale wa vigelegele hawakuonekana hata kwa dawa, na mwenye suti akaibuka kidedea. Bomba aliporudi bwenini alikuta kamba zote zimeelemewa na nguo, na mwenzake wa chumbani amezama kwenye povu hadi viwiko.

“Hata wewe, ndugu yangu, hukupiga kura?”

“Kura ya nini tena, kaka? Maji si umeshaleta?” Akamsogezea beseni. “Vua hilo shati nikufulie, kabla hayajakatika.”