Nilichoandika Kuhusu Pikapu ya Babu

Mimi si mtu wa kuongea. Nyumbani kwetu Izia wanalijua hilo, ndiyo maana baba alipotaka nisaidie kwenye pikapu ya babu alinipa kazi ya kuandika.

Pikapu hiyo babu aliinunua kwa mapadre kabla baba hajazaliwa. Ilikuwa imekaa bandani miaka mingi. Mwaka huu baba akasikia kuwa chama cha wenye magari ya kale kitaleta wakaguzi Sumbawanga, wayapitie magari moja moja kuona kama bado yako vile yalivyotoka kiwandani. Kitu kisicho cha asili, unakatwa maksi; gari likipita, unapewa cheti. Baba alikitaka hicho cheti kuliko chochote nilichowahi kumwona akikitaka. Lakini aliyekumbuka gari lilikuja na nini ni babu peke yake, na babu na baba hawana mazungumzo marefu. Ila na mimi babu anaongea. Labda kwa sababu simkatizi.

Basi kila nikitoka shule nilimwamkia shikamoo, nikakaa juu ya tairi la akiba na daftari langu, upepo wa Juni ukipenya kwenye mabati. Babu aligusa kitu kimoja kimoja. Bawaba ya mlango wa dereva aliifua mhunzi wa Mwimbi kwa springi iliyokatika, baada ya mlango kudondoka njiani na gunia la ulezi kumwagika. Sakafu ameiziba kwa debe la mafuta ya kupikia. Rangi ya bluu ilibaki walipopaka milango ya kanisa, akaiomba. Alieleza huku anatabasamu, kama mtu anayekuonyesha watoto wake. Mimi niliandika kwa mwandiko mzuri: si asili, si asili, si asili.

Sikufikiria. Kesho yake fundi aliyeletwa na baba alisoma daftari langu na kuanza kung'oa.

"Karani, leo umenipa nini?" alikuwa ananitania kila nikiingia.

Bawaba ikaenda kwenye rundo la chuma chakavu, debe likafuata, bluu yote ikakwanguliwa. Babu alidhani wanavisafisha, watavirudisha. Mimi nilijua havirudi, na bado niliendelea kuandika, maana kumkatalia baba kunataka mdomo ambao mimi sina.

Kitu cha mwisho kilikuwa kirungu cha gia, kile unachoshika ukibadilisha gia. Cha mti wa mninga, kimelika upande wa kidole gumba. Babu alisema alikichonga siku tatu nje ya hospitali, bibi akiwa na uchungu wa kumzaa baba. Niliandika: asili. Sitaki kujifanya shujaa. Nilidanganya kwa kalamu kwa sababu ndiyo njia pekee niliyoweza.

Siku ya ukaguzi babu alivaa koti lake la kanisani. Pale uwanjani mkaguzi alizunguka gari, akalala chini, akaangalia injini, mwisho akashika kile kirungu na kuuliza kama ni cha kiwandani. Baba akafungua daftari, akamsomea kwa sauti.

Babu akacheka. "Kiwanda gani? Nimekichonga mimi, wewe ukizaliwa. Huyu mjukuu wangu nilimwambia, akaandika."

Baba alinitazama. Mkaguzi alikata maksi za kirungu, halafu, kwa kuwa maelezo yetu hayakuaminika tena, akasema cheti hakipo. Baba alifunga daftari taratibu sana, akaliweka juu ya boneti. Ningefurahi kama angenigombeza.

Wakati huo ndipo babu alipolitazama gari vizuri. Aliufungua mlango wa dereva, akaufunga, akaufungua tena. Akapitisha mkono kwenye rangi mpya ya kijivu. Baba akamwambia apande twende nyumbani, akajibu atatembea.

Nilimfuata nyuma. Upepo ulikuwa wa kukata masikio, naye alitembea polepole mikono ikiwa mfukoni. Tulipokaribia Izia alisimama.

"Na yale mengine niliyokuwa nakueleza," akauliza, "nayo uliyaandika, vitu vikang'olewa?"

"Ndiyo, babu."

"Yote?"

"Yote."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu asichoweza kununua, akaendelea kutembea. Tangu siku ile ananiitikia marahaba, halafu ananyamaza. Nami huwa nakaa tu, nasubiri.