Sauti ya Mama Katika Bafle Ndogo

Mama alipasuliwa rovu shingoni, na kidonda kikapona vizuri. Kilichotutisha ni sauti. Aliingia hospitali akiwa mwimbaji wa familia nzima, akatoka akiongea kama mtu aliyefungiwa chumba cha pili.

Kabla ya hapo, hakuna arusi ya kwetu iliyoanza bila yeye. Alisimama tu katikati ya kiwanja, akaanzisha wimbo wa Kibembe bila ngoma, na wanawake waliokuwa wakisonga bugali nyuma ya nyumba wakaitikia wakiwa hukohuko jikoni. Aliniimbia mimi nilipoolewa. Aliwaimbia mabinti wote wa kaka zake.

Siku ya kutoka hospitali, muuguzi alinivuta pembeni. "Asilazimishe sauti," aliniambia. "Akilazimisha, inaweza kwisha kabisa." Mimi ndiye binti mkubwa, kwa hiyo nililibeba neno lile peke yangu. Sikumwambia Mama. Nilifikiri nitampa woga bure.

Kisha wakwe wakafika kutoka Lubondja. Mdogo wetu wa mwisho alikuwa anaolewa huko, mahari yalikwisha pokelewa, na siku ikapangwa. Jioni ile Mama alisema kwa sauti yake ile ya chini, "Mi ndo nitamuimbia akiingia. Bote niliwaimbia. Huyu wa mwisho ndo nitamunyamazia?"

Kaka yangu, anayeuza vipuri vya pikipiki hapa sokoni Baraka, ndiye aliyekuja na wazo la bafle, spika ya kukuza sauti. Alikuwa ameona moja yenye magurudumu na taa zinazozunguka, ndefu kama mtoto wa miaka sita. Nilimuuliza itapanda moto gani, yaani pikipiki gani, kwenda Lubondja, na ikifika itakula kuran gani, maana huko hakuna umeme. Wakwe walikuwa na pano moja ya jua ya kuchajia telefone, basi. Akaniambia mimi ni mwalimu, nijue ubao na chaki. Tulibishana mbele ya Mama. Yeye alikuwa anachambua ndagala, samaki wadogo wa ziwani, kwenye ungo, akitupa mawe pembeni, hakuinua kichwa.

Kesho yake tulikwenda watatu kwenye duka la baba mmoja anayeuza telefone, pano na bafle. Akatuwekea tatu mezani.

Kaka aliwasha ile kubwa kwanza. Vioo vya kabati vikatetemeka, watu barabarani wakasimama. Mama aliposogeza mikro, kipaza sauti chake, kinywani, ilipiga kelele kali mpaka akaziba masikio. Tukaizima.

Ya pili ilikuwa nzuri kwa macho, na mikro yake haikuwa na waya. Mwenye duka aliunganisha telefone yake, akaweka muziki usio na mwimbaji, akampa Mama mikro. Mama akaanza kuimba taratibu. Sauti yake ilitoka kwenye bafle, lakini ilichelewa. Kidogo tu, nusu ya pumzi. Mama akanyamaza. Akaanza tena. Akanyamaza.

"Kuko muntu mungine anaimba nyuma yangu," alisema.

Kaka akacheka. Mwenye duka akasema, "Utazoea, mama muzee."

Mama aliweka mikro juu ya meza, akatoka nje. Nilimfuata. Alikuwa amesimama juani, kilemba kimelegea, mkono wake shingoni juu ya kovu.

"Munataka batu baone kama sauti yangu ilikufa," alisema. "Munanitafutia sanduku ya kuniziba aibu. Acheni. Nitaimba na kifua yangu, kama zamani."

Hapo nikaona siwezi tena kukaa na siri. Nikamwambia yote aliyosema muuguzi, neno kwa neno.

Mama aliuondoa mkono shingoni. "Ulijua tangu siku ile?"

"Ndiyo, Mama."

"Na ulininyamazia."

Mwanamke mmoja alipita na beseni la ndizi, akamsalimu Mama, naye akamwitikia kwa kichwa. Nilidhani atashika njia ya nyumbani. Badala yake alikaza kilemba, akarudi dukani, akapita mbele ya kaka bila kumtazama.

"Baba, hii ya tatu ni ya waya?"

Ilikuwa nyeusi, isiyo na taa, kubwa kama bidoni ya lita tano, na mkanda wa kubebea begani. Mama hakuimba. Alisema tu "moja, mbili, tatu" kwa sauti ya kawaida, na bafle ikasema pamoja naye, bila kuchelewa. Akaomba itolewe mlangoni, akaendelea kuhesabu. Akamwamuru kaka atembee barabarani mpaka asisikie tena, anyooshe mkono. Kaka, mwanamume wa watoto wanne, akatembea huku watu wakimshangaa. Alinyoosha mkono alipofika karibu na mashine ya kusagia.

"Chaji inabeba muda gani?" Mama akauliza.

"Siku muzima, mama."

"Basi iachie iimbe. Tutakaa hapa."

Mwenye duka alidhani ni mzaha. Mama akavuta kiti. Tulikaa pale toka asubuhi, bafle ikiimba, wateja wakiingia na kutoka, mwenye duka akitutazama kwa jicho baya. Mama hakuniambia neno hata moja saa zote hizo. Ilizimika jua lilipoanza kuegemea ziwani. "Siku yako ni fupi," Mama alimwambia mwenye duka, "lakini inatosha arusi." Tukainunua.

Kaka alitangulia Lubondja pamoja na bibi-arusi. Mimi na Mama tulifuata kesho yake na moto mbili, Mama mbele, mimi nyuma na bafle mapajani, nimeifunga kitenge. Njia ilikuwa kavu. Tulikuwa tumekwisha vuka mto mdogo tulipokuta kamba imevutwa barabarani na wanaume watatu wenye bunduki. Sikuwajua ni wa upande gani, na si swali la kuuliza.

"Iko nini mu ile kitenge?" mmoja akaniuliza.

"Bafle."

"Fungua."

Nilifungua. Aliitazama, akaona waya, akaona butoni, akawaita wenzake. "Hii ni fonie," alisema. "Hawa banapeleka fonie mu milima."

Kwetu kila mtu anajua fonie ni ile radio ya kuongelea toka msitu hadi msitu, na anajua hutokea nini kwa mtu anayekutwa nayo. Dereva wangu akashuka kwenye moto polepole, mikono ikionekana.

"Washa."

Nikabonyeza. Nilikuwa nimesahau kwamba bafle ile, kila inapowaka, husema kitu kwa lugha ya kigeni, sauti ya mwanamke, kali na ya haraka. Dukani hatukuijali. Pale njiani yule mwanamume aliruka nyuma na bunduki ikainuka usawa wa kifua changu. Niliona kidole chake. 

"Lete mikro," Mama akasema, akinijia kutoka moto ya mbele.

"Mama, hapana."

"Lete, nasema."

Alichukua mikro. Akaongea kwa utulivu, kama anaongea na watoto wa jirani. "Batoto yangu, naenda kuoza binti yangu wa mwisho. Hii ni ya kuimbia."

Mkubwa wao, mtu mwenye mvi kidevuni, akasema, "Basi, imba."

"Alipasuliwa shingo," nikasema. "Angalieni kovu. Sauti yenyewe anaiwekea arusi ya kesho."

"Nilisema aimbe."

Mama akaimba. Ulikuwa wimbo wa kumpokea bibi-arusi. Aliuimba chini kabisa, karibu kunong'ona, na bafle ikauinua. Nilisimama nikisikiliza kila neno kama mtu anayeona maji yakimwagika chini na hana chombo. Alipomaliza, mwenye mvi akasema, "Rudilia."

Akarudia. Safari ya pili sauti ilikwaruza mwishoni.

Mwenye mvi alitazama chini, akasogeza jiwe kwa kiatu. Kisha akaishusha kamba mwenyewe. Hatukuagana naye. Tulipofika mbali, dereva wa Mama alisimamisha moto, akatapika kando ya njia, tukaendelea.

Siku ya arusi, mdogo wetu alipotokea mlangoni amefunikwa, Mama alikuwa amekaa kwenye kiti, mikro mkononi, bafle miguuni pake. Hata kupitia bafle sauti ilikuwa ndogo, kwa hiyo watu walisogea, wakasogea tena, mpaka duara likambana. Bibi-arusi alilia chini ya kitambaa. Wimbo wa kwanza ulifika mwisho. Katikati ya wimbo wa pili, kinywa cha Mama kiliendelea kutembea bila sauti kutoka.

Niliruka nikaangalia waya. Nilidhani umechomoka. Ulikuwa mahali pake. Taa ndogo ya chaji ilikuwa inawaka. Niliinua macho, nikakutana na macho ya Mama, na yeye pia alikuwa ameelewa. Wanawake wa pande zote mbili wakauchukua wimbo, wakaumaliza kwa nguvu. Wengi walidhani ndivyo ulivyopangwa.

Tulirudi Baraka, Mama akiwa bubu. Alituonyesha kwa mkono: maji, chumvi, funga mlango. Kaka alisema kosa ni la wale wa kamba. Mimi niliona ni langu: nisingekubali kutafuta bafle, asingethubutu kwenda kuimba. Muuguzi alimwangalia, akaagiza akae kimya, asinong'one hata kidogo, halafu tutaona. Sikumuuliza tutaona nini. Usiku na mchana nilisikiliza chumba chake.

Ilipita wiki. Siku ya tisa, asubuhi, nilikuwa nasahihisha madaftari ya wanafunzi mezani, nikasikia uani mtu anagomba na mbuzi aliyepanda juu ya muhogo tulioanika. "Toka! Toka hapo, we!" Sauti ilikuwa nene, yenye mikwaruzo, na sikuijua. Mbuzi ndiye aliyeijua mapema kuliko mimi. Nilishika kalamu nyekundu nikabaki vilevile. Niliogopa kutoka nje, nisije nikampigia kelele za furaha na yeye akajibu kwa kelele.

Sauti ya zamani haikurudi. Hii ni nyingine, ya chini, na Mama ameizoea kuliko sisi. Jumapili baada ya ibada anakaa barazani na bafle, anaimba nyimbo mbili, na majirani wanapunguza radio zao. Mbili ndizo tulizokubaliana na muuguzi.

Juzi alianza wa tatu. Nilisimama mlangoni nikamkazia macho. Alinionyesha kwa kidole nirudi nikakae, akaendelea kuimba.