Mtembeza Wageni Asiyehesabu Watu

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika dakika arobaini kabla ya ofisi kufunguliwa. Nilikuwa nimevaa suti ya kijivu na viatu nilivyovipaka rangi mara mbili, na kwapani nimebana diploma yangu ya utalii, ile inayoning'inia sasa sebuleni kwangu hapa Skuta, mjini Nyeri. Ilikuwa asubuhi ya baridi katika mji mdogo wa jimbo la Iowa, katikati kabisa ya Marekani, kando ya mto wenye maji ya rangi ya chai ya maziwa. Sisi tuliofanya kazi pale tuliuita Mji wa Kinu, nami nitauita hivyo.

Mkurugenzi wa makumbusho ya mji, mama mrefu mwenye nywele nyeupe, alifungua mlango, akaitazama diploma, kisha akavitazama viatu.

"Karatasi ni nzuri," akasema. "Lakini viatu havitafika Ijumaa. Kule kinuni kuna matope."

Alikosea. Havikufika hata Alhamisi.

Vijana wanaoniuliza jinsi ya kufanikiwa ng'ambo huwa nawaambia wasikilize vizuri, kwa sababu mimi sikubebwa na mtu. Baba yangu alichunga mbuzi kijijini Tetu, kwetu Nyeri. Karo ya chuo nilijilipia kwa kuuza mitumba Karatina, viza nikaipata kwa bahati nasibu, na miaka yangu miwili ya kwanza Marekani niliimaliza katika kiwanda cha nyama ya nguruwe, nikikata mabega ya nguruwe mpaka yangu yenyewe yakakataa kuinuka. Nilipoona tangazo kwamba Mji wa Kinu unatafuta mtembeza wageni, nilituma ombi siku hiyo hiyo. Walioomba walikuwa wengi. Mwenye diploma nilikuwa mimi peke yangu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mtembeza wageni hulichukua kundi kwa miguu kutoka kituo kimoja hadi kingine, na kituo ni mahali popote penye hadithi. Mji ule ulikuwa na vituo vitano: stesheni ya reli isiyopitiwa na treni, duka la dawa lenye mitungi ya zamani, gereza la mawe lenye vyumba viwili, kinu cha maji ambacho gurudumu lake lilizunguka bila kusaga chochote, na daraja la mbao lililoezekwa paa kama nyumba. Hayo tu. Mtu angeweza kuyamaliza yote kabla chai haijapoa. Lakini watu walikuja kwa mabasi, wakalipa, wakasikiliza, wakaondoka wakisema wameona historia. Siri ilikuwa kwenye maelezo. Mlango wa gereza ni chuma tu mpaka mtu akuambie nani aliufungua kwa kijiko.

Mfanyakazi mpya alivaa beji ya karatasi kwa miezi mitatu. Akifaulu alipewa ya shaba, yaani ameajiriwa kabisa. Asipofaulu alikwenda zake, na mimi pa kwenda palikuwa mahali pamoja tu: kwa nguruwe. Sheria ya kupata shaba ilikuwa moja, na Mkurugenzi aliirudia kila asubuhi.

"Maelezo yakikupotea nitakusamehe. Mtu akikupotea, sitakusamehe. Hesabu vichwa kila kituo."

Nikaitikia ndiyo, Madam. Na kila kituo nilihesabu.

Wiki ya kumi nilipokea walimu wastaafu kumi na wanne. Niliwapeleka gerezani, nikawaeleza habari za kijiko, wakacheka, wakapiga picha kwenye vyuma. Nikahesabu, nikapata kumi na wanne, nikafunga mlango mkubwa, tukateremka kinuni. Tulikuwa tumeshalitazama gurudumu kwa muda mrefu pale mzee mmoja aliponigusa bega.

"Kijana, sina hakika," akasema, "lakini nusu saa nzima hakuna mtu aliyenikosoa. Nadhani mke wangu hayupo."

Nilikimbia. Nilimkuta mama yule amekaa kwenye kitanda cha wafungwa, anaongea kupitia dirisha la vyuma na mtu wa posta aliyekuwa akicheka mpaka barua zinaanguka.

"Ofisa," akaniambia, "hukumu yangu ni ya muda gani? Nina keki nyumbani."

Yeye alicheka. Mkurugenzi hakucheka. Aliniita ofisini, akafunga mlango.

"Ulihesabu?"

"Nilihesabu, Madam."

"Ulihesabu nini?"

Hapo ndipo nilipojisikia moto usoni, maana sikuwahi kujiuliza. Nikatoa mfukoni vipande vya tiketi. Kumi na vinne. Ndivyo nilivyokuwa nikivihesabu kila kituo tangu siku ya kwanza, na tiketi hazisahauliki gerezani.

Nilimweleza ukweli, ingawa ulinivunjia heshima. Kwetu watu hawahesabiwi. Cucu, yaani nyanya yangu, alikuwa akitupiga kwa mwiko tukinyoosha kidole na kusema mmoja, wawili, watatu. "Watu si maharagwe," alisema. "Ukiwahesabu unamwonyesha kifo pa kuanzia." Nilikuwa nimesoma, nimepanda ndege, nina diploma yenye muhuri, na bado mkono wangu ulikuwa ukimtii Cucu bila kuniarifu.

Mkurugenzi alikumbuka habari za baba nilizowahi kumsimulia. "Na mbuzi wa baba yako?" akauliza. "Alijuaje kama mmoja amepotea?"

"Hakuwahesabu hata siku moja. Alisimama langoni wakiingia, kisha akasema: yule wa sikio lililochanika hayupo."

Alifungua daftari lake. "Jumamosi ni sikukuu ya mahindi, tutakuwa na kundi kubwa kuliko yote ya mwaka. Mimi nitakuwa mkiani, na nitamficha mtu mmoja. Ukiniambia ni nani kabla sijakuuliza, utavaa shaba. Ukishindwa, Jumatatu usije."

Siku tatu sikulala vizuri. Nilimpigia simu mke wangu Nyambura, aliyekuwa bado Nyeri akinisubiri.

"Si uhesabu tu, Baba Wanjirũ," akasema. "Cucu alishazikwa. Ati atatoka huko kaburini na mwiko?"

"Nimejaribu na watu wa dukani. Nikifika wa tatu ulimi unakauka."

"Basi wasalimie. Wewe ukienda harusini unasalimia hata wapishi. Mtu ukishika mkono wake unaweza kumsahau?"

Sijui wengine walioa nini. Mimi nilioa akili.

Jumamosi niliwapanga wageni mbele ya stesheni, watu ishirini na wawili kwa mujibu wa tiketi, nikampa kila mmoja mkono kama tunavyofanya kwetu. Nilimuuliza kila mtu katoka wapi, na sikuuachia mkono kabla ya kupata kitu cha kukumbuka. Huyu magoti yake hutabiri mvua. Huyu anafuga nyuki. Huyu amevaa kofia ya marehemu kaka yake. Wamarekani hawajazoea kushikwa mkono muda mrefu hivyo, wengine walimtazama Mkurugenzi kama wanaoomba msaada. Sikujali.

Kwenye daraja la paa nikasimama, nikawageukia. Niliwatazama usoni mmoja mmoja, kama baba langoni.

"Madam," nikasema, "bwana wa magoti ya mvua hayupo."

Mkurugenzi akatabasamu, akapunga mkono, na yule bwana akajitokeza nyuma ya duka la dawa. Watu wakapiga makofi. Mkurugenzi alishaingiza mkono mfukoni kutoa beji.

"Bado," nikasema. "Na mama mfuga nyuki hayupo."

"Nimemficha mmoja tu."

"Hayupo, Madam."

"Nimehesabu mwenyewe sasa hivi," akasema, na sauti yake ilianza kuwa kali. "Ishirini na mmoja, na huyu wa ishirini na mbili. Wametimia."

Nikamwonyesha bwana mmoja aliyesimama katikati ya kundi akilamba aiskrimu. "Huyu sikumpa mkono."

Bwana yule akaona haya. Alikuwa mpita njia, amesikia hadithi ya kijiko, ikamnogea, akaambatana nasi bila tiketi. Na mama mfuga nyuki tulimkuta nyuma ya kinu, mguu mmoja umezama matopeni hadi gotini. Alikuwa ameita mpaka sauti imemkauka, lakini kelele za gurudumu zilimmeza. Nilimvuta mimi mwenyewe. Kiatu chake kiko kule mpaka leo, karibu na vyangu.

Mkurugenzi alinibandika beji ya shaba palepale. "Idadi ilikuwa sawa," alisema kwa sauti ya chini. "Ningefunga kinu na kwenda nyumbani."

Baada ya hapo sikuangalia nyuma. Nyambura alikuja na watoto. Nilifanywa Msimamizi wa Ziara, nikafundisha wengine, na Mwenyekiti wa Baraza la Mji alinipa mkono mbele ya watu wote. Nilipoona nywele zimeanza kuwa kama za Mkurugenzi, nikarudi Nyeri, nikajenga, nikanunua basi dogo na kuanzisha ziara zangu mwenyewe: kanisa la mawe, makaburi ya zamani, soko la Karatina, daraja la Sagana, hadi Nanyuki pale mstari wa ikweta unapopita.

Kinyozi wangu wa mtaa wa Ruring'u alinicheka. "Ati unalipwa kuonyesha watu makaburi? Mzee, hapa hakuna kitu ya kuona. Si hata mimi niko na nywele za watu wakubwa hapa sakafuni, nianze kuonyesha?"

"Kule nilikuwa naonyesha kinu kisichosaga," nikamwambia. "Wewe una mlima mlangoni na humwambii mtu." Leo duka lake ni kituo changu cha tatu, na anasema maneno mengi kuliko mimi.

Mwaka huu nimestaafu. Magoti yangu nayo yanatabiri mvua. Sina la kulalamikia: nyumba ni yangu, basi nimemwachia binti yangu Wanjirũ, na katika miaka yote hiyo sikumpoteza mtu mwingine tena. Wenye diploma ni wengi siku hizi, lakini wa kusema hilo la mwisho ni wachache.

Kwenye ziara yangu ya mwisho kulikuwa na mgeni niliyemwalika mwenyewe. Mkurugenzi alikuja kutoka Iowa, sasa anatembea kwa mkongojo, na aling'ang'ania kukaa kiti cha nyuma, mkiani, kama zamani. Asubuhi nilishangaa kumwona anazunguka basi zima akiwasalimia wenzake kwa mkono, mmoja baada ya mwingine, bila haraka.

Saa kumi tulikuwa tunaondoka soko la Karatina. Nilikuwa nimechoka, na kusema kweli nilikuwa nawaza hotuba yangu ya kuaga. Wanjirũ akawasha gari.

"Zima," sauti ikatoka nyuma.

Nikageuka. Mkurugenzi alikuwa amesimama, ameshikilia kiti, anawatazama watu usoni.

"Tuko wangapi, Madam?" nikamuuliza.

"Sijui," akasema. "Lakini yule bwana anayeogopa kuku hayupo."

Tulimkuta kwenye banda la kuku, amezingirwa. Nimewafundisha watu wengi kazi hii, Marekani na hapa. Mwanafunzi wangu bora kuliko wote ni yule mama, na hana hata diploma.