Saa Kumi na Nne Angani

Ofisi ya tiketi za ndege ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la viatu, na mwanamke aliyezeekea humo walimwita Mama Safari, ingawa ndege yeye alizijua kwa kelele tu. Ulimi wa kuuza alikuwa nao. Mteja akiuliza mji fulani uko umbali gani, alijibu, "Kilomita elfu kumi na mbili, lakini saa kumi na nne tu angani. Unasinzia, unaamka, umefika." Usiku wa kukesha kwenye viti vya chuma, kungojea ndege ya pili, hakuutaja. Huo mteja angeugundua mwenyewe, akiwa ameshalipa. Si uongo, alijisemea, ni kupunguza maneno.

Baba yake mwenyewe alipozidiwa na ugonjwa, Mama Safari alimkatia mdogo wake wa kiume tiketi ya kurudi nyumbani kutoka mji huohuo, alikokuwa akiishi. Baba na mwana walikuwa hawasemezani tangu mazishi ya mama, waliporushiana maneno mbele ya waombolezaji. Sasa mzee alitaka jambo moja tu: amwombe kijana radhi uso kwa uso. Kuomba kwa simu mzee alikataa katakata.

"Amepanda?" mzee aliuliza asubuhi.

"Amepanda, baba."

"Atachukua muda gani?"

Mama Safari alikuwa anamgeuzia mto. Jibu lilimtoka lenyewe. "Saa kumi na nne tu."

Mzee akataka saa ya sebuleni itundikwe mbele ya kitanda chake. Dawa ya maumivu akaikataa, asije akapitiwa na usingizi. Alikunywa uji kidogo, jambo ambalo wiki nzima lilikuwa limeshindikana. Binti yake akaitazama ile saa. Alitaka kumwambia kuhusu ndege ya pili, kisha akamwonea huruma, akamfuta uji mdomoni.

Muda ulipotimia mlango ulifunguliwa, kumbe ni jirani na chupa ya chai.

"Baba, ndege ni mbili," binti alisema. "Analala njiani. Kesho mchana yuko hapa."

"Asubuhi ulisema saa kumi na nne."

"Nilikosea, baba."

"Wewe, kazi yako ni hiyo, ukosee?" Mzee alitabasamu kwa uchovu. "Kijana amekataa kuja. Usimtetee, mwanangu."

Binti akaapa, akamwonyesha ujumbe wa mdogo wake kwenye simu, lakini macho ya mzee hayakuona tena maandishi. Aliomba dawa yake, akageukia ukutani. Kulipokucha alikuwa ameshakata roho.

Kijana aliingia mchana, begi bado begani, macho mekundu.

"Alijua niko njiani?"

"Alijua," dada alijibu. "Jana asubuhi alikunywa hadi uji kwa furaha."

Ya usiku hakuyataja. Kijana akamshika mikono yote miwili, akamshukuru kwa kumtunza baba, akamshukuru tena. Mama Safari alitamani kijana amtukane.